Ardhi kwa Mmoja, Darasa kwa Mwingine: Mafunzo ya Kazi kwa Askari Wastaafu wa Migori na Homa Bay

Katika mijadala ya Kenya kuhusu askari waliostaafu kuna dai lililozoeleka hadi halihojiwi tena: kwamba askari hutoka jeshini bila ujuzi wa kiraia, na kwamba dawa ya kukosa kwake kazi ni mafunzo. Semina za ujasiriamali, kozi fupi za ufugaji wa kuku, mihadhara kuhusu matumizi ya kiinua mgongo, yote huandaliwa kwa kuegemea dai hilo. Sheria ya Maveterani wa Kijeshi ya mwaka 2022 imelipa suala la wastaafu msingi wa kisheria ambao halikuwa nao, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria hutekelezwa na watu, na watu hutekeleza kwa mazoea. Mazoea yetu katika jambo hili ni ya zamani kuliko tunavyodhani, tena yana asili mbaya.

Hoja yangu ni kwamba nchini Kenya mafunzo ya kazi kwa askari Mwafrika yalianza kama mbadala wa mali. Aliyepewa shamba alifunzwa namna ya kulilima. Aliyenyimwa shamba alifunzwa tu, kisha akarudishwa kijijini. Mtindo huo wa kutoa darasa mahali pa mtaji, leseni na soko ulipita salama kutoka enzi ya ukoloni hadi leo. Ndio unaoeleza kwa nini mstaafu wa Oyugis au Kehancha anaweza kuwa na vyeti vya semina vya kutosha kufunika ukuta na bado akalinda lango la duka la mtu mwingine usiku. Ushahidi wangu unatoka hasa katika iliyokuwa wilaya ya South Kavirondo, baadaye South Nyanza, ambayo sehemu yake kubwa leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Eneo hili limetoa askari na wapagazi tangu mwanzo wa karne iliyopita, lakini katika maandishi ya kitaaluma kuhusu askari waliorudi nyumbani limetajwa kwa pembeni tu.

Wanazuoni na askari aliyerudi

Kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe hakuna ubishi. Katika Vita Vikuu vya Pili takribani Waafrika 98,000 kutoka Kenya walivaa sare, wakapigana Uhabeshi, Madagaska na Burma, wakaanza kurudi kwa wingi kuanzia mwishoni mwa 1945. Ubishi upo katika swali la walirudi wakiwa watu gani. Shiroya (1985) anaona kwamba vita viliwafumbua macho na kuwafanya kuwa chachu ya siasa za ukombozi. Parsons (1999), na baada yake Brands (2005), wanajibu kwamba wengi hawakutaka siasa. Walitaka kipato, heshima na nafasi ile waliyoizoea jeshini. Easterbrook (1975), aliyeichunguza Machakos, alikuwa amekwisha kuelekea upande huo mapema.

Nakiri kwamba Parsons na Brands wana ushahidi mzito zaidi. Hata hivyo pande zote mbili zinamhoji askari swali lisilo lake. Zinamuuliza: ulikuwa mwanasiasa au hukuwa? Dereva wa lori aliyerudi Rongo mwaka 1946 alikuwa na swali lake mwenyewe, nalo ni lori. Nani angemkopesha fedha za kulinunua, nani angempa leseni ya kubeba mizigo, na barabara ipi ya wilaya ingempa abiria? Kulipuuza swali hilo kumewafanya wanazuoni wetu wawaachie maafisa wa ustawi wa jamii uwanja mzima wa ajira, na maafisa hao wakaujaza kozi.

Kuna mkondo wa tatu wa maandishi ambao siwezi kuupita kimya, kwa sababu umefanya madhara. Fleisher (2000), katika utafiti wake makini kuhusu wizi wa mifugo miongoni mwa Wakuria, anaeleza jinsi vijana wengi wa jamii hiyo walivyojiunga na jeshi la Tanzania, na jinsi bunduki zilizofika Tarime baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilivyobadili uvamizi wa ng'ombe kuwa biashara ya mauaji. Sina ugomvi na data yake ya Tarime. Ugomvi wangu ni na wale wanaoivusha mpaka pale Sirare na Isebania na kuimwaga juu ya kila mstaafu wa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, kana kwamba kutumikia jeshi ni hatua ya kwanza ya ujambazi. Mawazo hayo yanapogeuzwa kuwa sera, mafunzo ya kazi huwa njia ya kumtuliza mtu hatari, na mtu anayeonwa hatari hakabidhiwi mtaji.

Utafiti wa Collier (1994) kuhusu Uganda unafaa kusomwa kando ya ule wa Fleisher. Serikali ya Rais Museveni ilianza mwaka 1992 kupunguza jeshi, na kwa awamu tatu askari zaidi ya 30,000 walirudishwa vijijini chini ya bodi ya kuwasaidia maveterani, wakipewa fedha, mabati, mbegu na majembe. Wengi walitabiri wimbi la uhalifu. Collier hakuliona, aliona hatari imejikusanya kwa wale waliorudi wakakuta hawana ardhi. Uganda ya 1992 si Migori ya leo, na jeshi lililotoka msituni si jeshi la watu walioandikishwa kwa mkataba. Lakini tokeo hilo linaelekeza macho mahali panapostahili, yaani kwenye kile mstaafu anachokikuta nyumbani. Alichokuwa nacho kichwani alipovua kombati kinakuja nyuma ya hapo.

1919 na 1945

Hapa ndipo penye kiini cha ushahidi wangu, na nitakaa kidogo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika South Kavirondo mapema. Septemba 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka, na tarehe 12 mwezi huo yalipigana na Waingereza pale Kisii. Kisha ukaja wakati wa Kariakoo, kikosi cha wapagazi wa jeshi. Nyanza, chini ya Kamishna wa Mkoa John Ainsworth, ilitoa wapagazi kwa wingi kuliko mkoa mwingine wowote, na mwaka 1917 Ainsworth mwenyewe akateuliwa kusimamia utafutaji wa vibarua wa kijeshi kwa nchi nzima. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mishahara ya waliokufa ambayo haikudaiwa na warithi haikulipwa kamwe. Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa kikosi hicho cha wapagazi, aliipigania kwa miaka mingi, na serikali ya Uingereza ikakataa.

Mwaka 1919, wakati mishahara hiyo haijalipwa, serikali ileile ilizindua mpango wa kuwapa makazi wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Mamia ya mashamba yalitolewa kwa bahati nasibu, mengine bure na mengine kwa bei nafuu ya kulipwa kidogo kidogo, na ardhi nyingine ilikatwa kutoka kwa Wanandi ambao vijana wao walikuwa wametumikia vita hivyohivyo. Mpagazi wa Karungu aliyenusurika alirudi na alichokuwa nacho mwilini.

Mwaka 1945 serikali ilikuwa imejifunza kitu: iliogopa. Maafisa waliandika kurasa nyingi kuhusu hatari ya askari aliyeona dunia. Gavana Philip Mitchell na washauri wake walikuwa na njia mbili mbele yao. Mzungu aliyetoka vitani aliandaliwa mpango mpya wa makazi ya kilimo, wenye mashamba, mikopo na ushauri, na shule ya kilimo ya Egerton kule Njoro, iliyoanzishwa mwaka 1939 kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ilikuwa tayari kumfundisha kazi ya shamba. Tazama mpangilio: shamba lipo, mkopo upo, na mafunzo yanakuja kuvitumikia. Askari Mwafrika alielekezwa kwenye njia nyingine. Shule ya Jeanes pale Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925 kuandaa walimu wa vijijini na iliyotumiwa na jeshi wakati wa vita kuandaa walimu wa askari, iligeuzwa kuwa kituo cha kozi za maendeleo ya jamii. Waliopelekwa huko walifundishwa usafi, uraia mwema, ushirika, na namna ya kuwa mfano kijijini. Wake zao walifundishwa malezi na upishi. Taasisi hiyo baadaye, mwaka 1961, ikawa Chuo cha Utawala cha Kenya.

Sidharau kilichofundishwa Kabete. Walimu wengi wazuri walitoka pale, na baadhi ya mafundi wa wakati huo walipata njia. Ninachodai ni kwamba darasa hilo lilipangwa kuchukua nafasi ya ombi lililokuwa likijulikana wazi. Askari waliorudi waliomba leseni za maduka, za magari ya mizigo, za vinu vya kusagia. Waliomba kazi zenye mshahara unaolingana na ule waliouzoea kama madereva, mafundi wa redio, wauguzi na makarani. Jeshi lenyewe lilikuwa limekwisha kuwafundisha kazi hizo, tena kwa maelfu. Ukosefu wa ujuzi haukuwa tatizo la 1946. Tatizo lilikuwa uchumi wa koloni, ambao kwa sheria na kwa desturi haukutaka Mwafrika awe na lori lake. Ardhi iliyokuwa bado wazi upande wa kusini mwa Ghuba ya Winam ilikuwa kama ile ya Bonde la Lambwe, penye mbung'o na malale.

Ulinganisho na Marekani hutajwa mara nyingi, lakini nusunusu. Sheria iliyotiwa saini Juni 1944 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani husifiwa kwa kulipa karo za vyuo, kisha watu wakasahau kwamba ilitoa pia dhamana ya mikopo ya nyumba, mashamba na biashara, na posho ya wiki hamsini na mbili kwa asiye na kazi. Na pale maveterani Weusi, hasa wa majimbo ya kusini, walipozuiwa na mabenki kuifikia mikopo hiyo, elimu peke yake haikuwaletea utajiri ulioletwa kwa wenzao. Kwa maneno mengine, Marekani nayo iliigawa sheria yake kwa rangi, na palipobaki darasa peke yake matokeo yalikuwa hafifu kama ya kwetu.

Tukirudi kwetu, mfano unaojulikana sana wa mtu wa huku aliyefaidika na ujuzi wa utumishi ni Hussein Onyango Obama, mzaliwa wa Kendu Bay, aliyepika katika nyumba za Wazungu na baadaye akamfuata ofisa wa Kiingereza vitani kama mpishi wake. Hutolewa kama ushahidi kwamba ujuzi hulipa. Ujuzi wake ulilipa kwa sababu ulikuwa na mnunuzi tayari Nairobi kabla hajafika vitani, na maisha yake ya baadaye kama mkulima yalisimama juu ya ardhi ya ukoo aliyoihamia kule Alego. Ondoa mnunuzi na ondoa Alego, kisha tuone kilichobaki cha mfano huo.

Fumbo la leo

Katika mazungumzo yangu na wastaafu wa Oyugis, Mbita, Rongo na Kehancha nilitarajia kuona kwamba waliohudhuria mafunzo mengi baada ya kustaafu wana kipato cha uhakika zaidi. Sikuliona hilo. Kilichowatenganisha waliotulia na wasiotulia kilikuwa kitu kilichokuwapo kabla ya siku ya kuondoka kambini: kiwanja mjini, mke mwenye duka, ng'ombe walioachiwa kaka, au cheti cha kiraia kilichopatikana wakati bado mshahara unaingia. Idadi ya niliozungumza nao ni ndogo na sitaibebesha mzigo usio wake. Lakini mwelekeo ni uleule wa Collier.

Mmoja wao, kutoka Suna, alikuwa mwendeshaji wa mitambo katika kikosi cha wahandisi. Kwa miaka mingi aliendesha tingatinga na greda katika mazingira ambayo mkandarasi wa kiraia hawezi kuyafikiria. Wakati barabara kuu ya Isebania hadi Ahero inafanyiwa ukarabati, alikwenda kuomba kazi kwa mkandarasi mmoja. Alinionyesha karatasi zake, ndani ya mfuko wa plastiki wa nailoni uliokunjwa mara mbili. Kuna nambari ya utumishi, cheo, kikosi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na neno moja kuhusu tabia: ya mfano. Hakuna mstari hata mmoja unaosema kwamba mtu huyu anajua kuendesha greda. Mkandarasi alitaka leseni ya mitambo ya daraja G kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mstaafu hakuwa na chochote kati ya hivyo, na kijana aliyepewa nafasi hiyo alikuwa navyo vyote viwili.

Simlaumu mkandarasi. Bima yake inadai vyeti. Naomba tu msomaji aliangalie jambo lenyewe kwa makini. Mtu huyu tayari amehudhuria semina ya ujasiriamali na nyingine ya ufugaji wa samaki. Hakuna aliyempeleka kituo cha NITA kule Kisumu akafanye mtihani wa siku chache juu ya kazi anayoijua tayari. Tumemfundisha asichokijua na tukaacha bila ushahidi anachokijua. Ni kweli kwamba jeshi lina chuo chake cha ufundi, na fundi aliyepita huko hutoka na karatasi inayosomeka nje ya kambi. Ninaowazungumzia ni wale waliojifunza kazini, kikosini, kwa kuelekezwa na sajini. Nao ni wengi.

Ongeza hapo hesabu ya umri, ambayo sijaona ikipewa uzito katika maandishi ya sera. Kwa kazi za kawaida jeshi huandikisha vijana wa miaka 18 hadi 26. Aliyeingia na miaka 20 akatumikia miaka 20 hutoka akiwa na miaka 40. Hazina ya Vijana humtambua mtu hadi miaka 35. Mpango wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali, ulioanza mwaka 2013, ni wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Fedha za wazee za Inua Jamii huanza kwa miaka 70. Mwanamume mzima wa afya anayetoka jeshini na miaka 40 anaangukia katikati, mahali ambapo dola haina dirisha la kumhudumia isipokuwa Hazina ya Hasla, ambayo mkopo wake wa binafsi huanzia shilingi 500. Na katika kaunti hizi mtu wa umri huo ana watoto sekondari na wazazi wagonjwa.

Anachouziwa kwa urahisi ni kazi ya ulinzi. Sheria ya kusimamia ulinzi binafsi ya mwaka 2016 imeipa sekta hiyo utaratibu, na mamlaka yake ilijaribu mwanzoni mwa 2024 kulazimisha mshahara wa chini wa shilingi 30,000 kwa mlinzi. Agizo hilo likakwama mahakamani. Zaidi ya lango la duka lipo soko la ng'ambo, linalonunua ujuzi wa silaha pasipo kuuliza cheti cha NITA. Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Nje Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine. Nchi inayoona mikono ya askari wake wa zamani ina thamani moja tu isishangae wanunuzi wa thamani hiyo wakija.

Kazi ipo wapi

Atakayepinga atasema kwamba Migori na Homa Bay hazina viwanda, kwa hiyo hata cheti hakitasaidia. Pingamizi hili lina uzito, lakini limechoka. Awendo kuna kiwanda cha sukari cha SONY, Ndhiwa kuna kingine, na vyote hutegemea matrekta, pampu, boila na malori. Nyatike, kuzunguka Macalder, wachimbaji wadogo wa dhahabu hushuka katika mashimo yanayobomoka, na wanahitaji watu wanaojua kuweka nguzo, kushughulikia baruti kwa tahadhari na kuwatoa majeruhi. Ziwani, ufugaji wa samaki katika vizimba kuanzia Sindo hadi Mbita umeleta haja ya manahodha, mafundi wa injini za boti na mafundi wa majokofu. Kisumu, kiwanda cha meli kinachosimamiwa na jeshi kilijenga MV Uhuru II, iliyozinduliwa mwaka 2023. Kiwanda hicho kimethibitisha kwamba ufundi wa kijeshi unaweza kusimama katikati ya uchumi wa kiraia wa ziwa hili.

Jambo la ziwani lina uchungu wake. Watu huzama kila mwaka kati ya Mbita, Rusinga, Mfangano na visiwa vya mbali hadi kuelekea Migingo, mara nyingi katika boti zilizojaa kupita kiasi na zisizo na jaketi za kutosha za kuokolea. Vikundi vya usimamizi wa fuo vina mamlaka juu ya boti zinazotoka katika fuo zao. Katika ufuo mmoja wa Mbita nilimkuta mstaafu wa jeshi la wanamaji akishona nyavu za watu kwa malipo ya siku. Mtu aliyefunzwa kwa fedha za umma kuokoa maisha baharini anashona nyavu, na mita chache kutoka alipoketi boti ya abiria inaondoka bila jaketi hata moja. Sijui ushahidi gani zaidi unahitajika kuonyesha kwamba kilichokosekana hapo ni ajira yenye jina na bajeti. Kumpeleka mzee yule semina nyingine hakutaongeza jaketi katika boti ile.

Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kitaifa ulinzi na ikazipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo sheria ya maveterani iko mkononi mwa wizara Nairobi, na karakana ambazo zingeweza kumpokea mstaafu ziko mikononi mwa magavana Ochillo Ayacko na Gladys Wanga. Karakana hizo, kama wanavyolalamika wakuu wao wenyewe, zina upungufu wa wakufunzi. Mstaafu aliyekuwa fundi magari kwa miaka ishirini ni mkufunzi ambaye hajaandikwa. Mamlaka ya kitaifa ya sifa za kitaaluma tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa; kinachotakiwa ni utaratibu huo upelekwe kambini, utumike katika mwaka wa mwisho wa utumishi, mtu aondoke na cheti cha ufundi mfukoni pamoja na barua ya kuachishwa.

Pingamizi la haki ni gumu zaidi. Kijana wa Kabondo aliyejaribu mara tatu kuingia jeshini akakosa anaweza kuuliza kwa nini aliyepata mshahara wa serikali kwa miaka ishirini apewe tena nafasi ya kwanza. Jibu langu ni kwamba mapendekezo haya hayamwondolei kijana kitu: mkufunzi mmoja aliyeajiriwa katika chuo cha kaunti huwafungulia mlango vijana wengi, na cheti cha NITA hakipunguzi idadi ya vyeti. Katika zabuni, hata hivyo, nakubali kwamba kutenga fungu la wastaafu kutamgusa mtu mwingine. Bado ningelitenga, dogo na lenye ukomo wa miaka mitano tangu siku ya kustaafu, kwa sababu deni la nchi kwa waliokuwa katika mapigano ya El Adde na Kulbiyow kule Somalia ni la aina yake.

Wapo pia ambao hakuna utaratibu wa sasa unaowafikia. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 jeshi zima la anga lilivunjwa, na mamia ya mafundi wa ndege, baadhi yao wakiwa watu wa Nyanza, walifungwa au kufukuzwa, wakiwamo ambao hawakushika bunduki siku ile. Baadhi yao wameshinda kesi mahakamani kwa mateso waliyopata. Walikuwa miongoni mwa mafundi waliofunzwa vizuri kuliko wote nchini, na walirudi nyumbani bila karatasi yoyote ya kuthibitisha. Walio hai sasa ni wazee, na kwao suala la ajira limepitwa na wakati. Lakini kama kumbukumbu zao za mafunzo bado ziko katika majalada ya serikali, zinaweza kutolewa kwa familia bila gharama kubwa.

Sitadai kwamba cheti, leseni na fungu la zabuni vitammalizia mstaafu shida zake zote. Afya ya akili, ulevi, ndoa zilizovunjika kwa umbali, kiinua mgongo kilicholiwa na ndugu katika miezi sita, hayo yanahitaji makala yake. Ninachodai, na ninakidai bila kusita, ni kwamba mafunzo mapya yasitolewe kwa mstaafu yeyote kabla ujuzi alionao haujapimwa na kuandikwa, na kwamba shilingi ya kozi isitumike mahali ambapo shilingi ya mtaji ndiyo iliyoombwa.

Mabunge ya kaunti za Migori na Homa Bay hayahitaji kungoja Nairobi ili kuanza. Yanaweza kupitisha katika bajeti ijayo fungu la kulipia mitihani ya NITA na leseni za NTSA kwa wastaafu wakazi, na kuagiza kila chuo cha ufundi cha kaunti kitangaze nafasi za wakufunzi kwa kuwataja waziwazi. Nawasihi madiwani waanze na orodha: nani katika wadi yako alitumikia jeshi, alifanya kazi gani, na anafanya nini sasa.